Injini Ndogo Iliyotufikisha Kitete

Kijiji cha Mtakuja,
kwa njia ya Igalula.
Jumapili asubuhi.

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la karanga nyuma ya gari, karatasi nimeilaza gotini, kwa hiyo usishangae mwandiko ukienda upande. Huku tu wazima. Homa iliyonishika mwezi uliopita imeniacha, mvua imenyesha vya kutosha na mahindi yameanza kubeba. Nataka kusikia habari zako. Kifua kinasemaje siku hizi za unyevu? Macho je, bado unatunga uzi mwenyewe au Mwajuma ndiye anayekutungia? Na mama, miguu yake imepungua kuvimba?

Baba, juzi nimepata barua ya mdogo wangu Mwajuma, imeletwa na mtu wa reli. Ameniandikia kwamba Mama Rehema, jirani yetu muuza vitumbua, alikuja hapo nyumbani akasema ameniona kwa macho yake hapo Chemchem, kwenye pembe ya mtaa wetu, nikiwa na gari, na kwamba niligeuza nikaondoka bila kubisha hodi. Mwajuma anasema ulisikia, ukaendelea kushona mpaka ulipokwenda kuswali isha.

Ni kweli. Mama Rehema hakukosea. Nilifika na sikuingia. Nimeona afadhali nikueleze yote tangu mwanzo, maana tangu niondoke ni miaka miwili na zaidi, na barua zangu zote nimekuwa nikimwandikia mama, wewe nakutumia salamu tu mwishoni, kana kwamba ni mtu wa mtaa wa pili.

Wewe hukupenda nijifunze gari. Nakumbuka maneno yako yote siku niliporudi kutoka kambi ya mafunzo na cheti cha udereva: kwamba binti wa fundi kanzu hawezi kulala chali chini ya gari barabarani, watu wakimhesabu vidole vya miguu. Nami nilijibu vibaya. Sitarudia hapa nilichosema, unakijua, na ndicho kinachoniuma zaidi. Niliondoka na treni ya asubuhi na hatukuagana.

Kijiji hiki cha ujamaa kina magari mawili. Moja ni lori la tani saba. Dereva wake anaitwa Mihambo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, mchapakazi kweli, lakini mwenye maringo ya lori lake. La pili ni pikapu ndogo iliyokuwa ya Bwana Shamba, ikachakaa kwake, ndipo kijiji kikapewa. Hiyo ndiyo niliyokabidhiwa mimi. Siku lori lilipoingia kijijini watu walipiga ngoma. Siku niliyoingia na pikapu, mwenyekiti wetu, Mzee Shija, aliizunguka mara moja akauliza, "Na lile lingine liko nyuma?"

Mihambo alikuwa akiniambia kila tukipishana, "Dada Zuhura, nikipiga chafya hicho kidude chako kitazimika."

Basi kabla ya kupanda tumbaku, pampu ya dizeli ya lori iliharibika. Fundi alitoka wilayani, akafungua, akafunga, akasema kipuri lazima kiagizwe ng'ambo, na hata kikija, kukifunga kunataka mashine iliyoko Dar es Salaam. Ni mwezi wa tano sasa lori limelala. Kuku wanataga chini ya lori, na mama mmoja ameanika mihogo juu yake.

Pikapu haijalala hata siku moja. Nataka nikueleze kwa nini, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo nimetamani sana kukueleza wewe kuliko mtu mwingine. Injini yake ni ndogo, silinda nne tu. Ukifungua boneti unaona mpaka majani yaliyo chini ya gari, nafasi imebaki kila upande, hakuna kitu ambacho mkono haukifikii. Nina spana sita, bisibisi mbili na koleo, na kwa hizo naweza kuifungua nusu nzima na kuirudisha. Unakumbuka ulivyonifundisha kusafisha cherehani? Kutoa vumbi la nyuzi chini ya kile kibati, tone moja la mafuta kila tundu, si mawili, halafu kuzungusha gurudumu kwa mkono taratibu huku unasikiliza. Baba, injini hii ni hivyo hivyo. Kila Jumamosi natoa plagi nne nazisugua, naangalia maji, napima oili kwa kijiti chake, naosha kichujio cha hewa kwa mafuta ya taa maana vumbi la huku wakati wa kiangazi ni kama unga. Petroli yetu inatoka kwenye pipa lenye kutu na huziba kabureta. Nafungua skrubu nne, napuliza kwa mdomo kitundu chembamba kuliko jicho la sindano yako, nafunga, naondoka. Kambini tulikuwa wasichana watatu darasani, na mwalimu alishangaa jinsi nilivyosikia mapema kuliko wavulana kwamba injini inakohoa. Sikumwambia nilikojifunzia kusikiliza.

Kwa gari hilo nimebeba mbegu, mbolea, bati za zahanati, chaki za shule, na wakati wa mavuno tumbaku, kidogo kidogo, nikienda na kurudi mpaka mgongo ukawa hausikii.

Pamoja na hayo kamati ilikaa ikaamua pikapu irudishwe wilayani ili tupewe tela la lori. Tela, baba! La lori lisilotembea. Nilisimama mkutanoni nikasema hivyo. Mihambo akanijibu mbele ya watu, "Kipuri kikija, tela litabeba mavuno ya kijiji kizima. Hicho chako kinabeba nini? Mbuzi wawili na dereva." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa mdomo tu. Ikapangwa niipeleke Jumatano.

Jumatatu kabla ya hiyo Jumatano, kumekucha, nanawa uso, nikamwona Mihambo anakuja mbio hana viatu.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Nyamizi," akasema.

Nyamizi ni mke wake, binti mpole, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nilikwenda naye mpaka nyumbani kwake. Mkunga wetu, Mama Kalunde, alikuwa ameketi kando ya kitanda, mikono yake ameiweka mapajani. Uchungu ulikuwa umeanza tangu asubuhi ya jana yake.

"Mtoto amelala mkingamo," akaniambia. "Nimejaribu kumgeuza mara tatu. Mimi nimefika mwisho. Huyu anataka kisu cha daktari, na anakitaka leo."

Mihambo alikuwa hawezi kuniangalia. "Dada," akasema, "litafika Igalula, kwenye treni?"

"Hilo sijui," nikamjibu. "Najua litawaka."

Shida haikuwa gari peke yake. Barabara yetu ya Igalula inapita mbuga tatu, na unajua mbuga za kwetu mvua ikinyesha, udongo ule mweusi unameza gurudumu mpaka katikati. Ya pili ilikuwa imekwisha kuwa ziwa. Nikasimama pale nikiwaza, ndipo Maganga, mrina asali wa kijiji, akasogea. Maganga si mtu wa maneno mengi. Anaishi porini na mizinga yake zaidi kuliko anavyoishi nasi.

"Iko njia ya juu," akasema. "Ile ya wapagazi wa zamani. Babu yangu alipita nayo akiwa na pembe ya ndovu begani. Watu wenye mizigo hawakuwa wakikanyaga tope kama wanaweza kulikwepa. Inakwenda ukingoni mwa msitu, chini ni changarawe, inatokea nyuma ya stesheni. Lori haliwezi, miti imeota. Hako kagari kako, labda."

Tukatandika majani na magodoro mawili nyuma, tukafunga turubai juu. Nyamizi akalazwa, Mama Kalunde kichwani kwake, Mihambo miguuni. Maganga akakaa mbele na mimi, panga mapajani na kamba zake za kurinia asali miguuni, kwa sababu haendi popote bila kamba hizo.

Baba, njia ile ipo. Miaka yote hiyo na bado ipo. Kuna mahali imezama kama mfereji kwa miguu iliyopita, na kuna mahali unaona mawe matatu ya jiko yamekaa kama mtu kaondoka jana. Maganga alikuwa akiruka chini kufyeka, anaruka ndani, anaonyesha kwa kidole. Kushoto. Kulia. Hapo pita katikati ya ile miwili. Kioo cha pembeni kilibaki kwenye mti mmoja. Nilikwenda kwa gia ya kwanza na ya pili tu, na ile injini ndogo ikawa inavuta polepole bila kulalamika, nami nikasikia kila Nyamizi alipougulia nyuma, hata nikawa najua jiwe gani limemuumiza.

Kwenye kijito cha kwanza maji yalirukia ndani ya boneti na gari likazimika katikati.

Mihambo aliruka majini. "Nilisema mimi!" akapiga kelele. "Nilisema! Tutamzika hapa!"

Nyamizi ndiye aliyejibu, kutoka chini ya turubai, sauti yake imekauka: "Mihambo, nyamaza. Mwache dada afanye kazi."

Nikafungua boneti. Nilijua lilikozimikia. Umeme wa plagi unagawiwa kwenye kikombe kidogo chenye kifuniko, na maji yakiingia humo injini haiwezi kuwaka hata uisukume mpaka kesho. Nikatoa kifuniko, nikakikausha kwa pindo la khanga yangu, nikafuta nyaya zote nne, nikasugua vile vidomo viwili vya chuma kwa ubavu wa kibiriti mpaka vikang'aa. Nikarudisha. Mihambo na Maganga wakasukuma, likakohoa mara mbili, likawaka. Haikuchukua muda wa kusonga ugali. Mihambo alipopanda alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Lori lingetaka siku tatu." Nikamwambia akae, tunaondoka.

Igalula tulifika jua likiwa utosini. Nilikuwa nimeweka tumaini langu lote kwenye treni. Bwana stesheni akatoka na mwavuli, akamwona Nyamizi, akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yamechimba tuta la reli upande wa mashariki, treni haitafika siku hiyo. Mama Kalunde akaweka sikio tumboni kwa Nyamizi, akakaa hivyo muda mrefu. "Bado yupo," akasema. "Lakini amechoka."

Basi ikawa barabara mpaka Tabora. Hatukuwa tumekwenda mbali nikaona mvuke unatoka mbele. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, ule unaozungusha feni na pampu ya maji. Nilikuwa na mmoja wa akiba, niliufunga mwezi uliopita, na huo ndio ulikuwa umekatika. Nikakaa kwenye ngao ya gari nikasikia machozi yanakuja. Baba, hapo ndipo nilipokukumbuka, na si kwa wema. Nilijisemea, alisema kazi hii si yangu, na huyu mtoto atakufa ili neno lake litimie.

Maganga alikuwa amesimama anauangalia ule mkanda uliokatika ameushika mkononi. Akaniuliza unazunguka wapi. Nikamwonyesha. Akachukua kamba yake ya magome ya mti, ile anayoshushia mzinga kutoka juu, akafumua uzi wake, akaukata, akausuka upya mwembamba, akaulowesha, tukauzungusha pamoja na kuufunga kwa fundo bapa ambalo sijapata kuliona. Nikasogeza dinamo kwa nje ili ukaze. Nikawasha. Ukazunguka.

Ulikatika mara mbili, na mara mbili akasuka mwingine. Tulikuwa tunakwenda taratibu, na kila injini ilipopanda joto tulisimama, Mihambo anakimbilia dimbwi na debe, anarudi mbio, ananimiminia huku mimi nimeshika kifuniko kwa kitambaa. Mtu mrefu vile, ametapakaa matope mpaka nyusi, hakusema tena neno lolote ila "Bado, dada? Inatosha, dada?" Tulipoingia hospitali ya Kitete adhana ya alasiri ilikuwa inasikika. Manesi walimchukua Nyamizi mbio, daktari akamwuliza Mama Kalunde maneno mawili matatu, mlango ukafungwa.

Kabla ya magharibi mtoto alikuwa amelia. Ni msichana. Kwa desturi ya huku aliyezaliwa mvuani huitwa Kabula, nao wamempa jina hilo. Nyamizi alizinduka akiwa dhaifu sana, ameshonwa, lakini mzima. Mihambo alitoka nje, akaenda kusimama mbele ya pikapu, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, akalia. Sikumsogelea. Nilikaa upande wa pili na Maganga tukila mkate.

Sasa nifike kwenye lile lililokuletea simanzi.

Asubuhi yake nilikwenda dukani kwa Bwana Karim wa vipuri, yule Mhindi wa karibu na soko ambaye wewe humshonea kofia za Idi, nikachukua mkanda mpya na mwingine wa akiba. Aliniuliza kama nimekwisha kukuona. Nikasema ndiyo naenda. Na kweli nilikwenda. Nilifika pembeni pale kwa Mama Rehema, nikakuona umekaa barazani, cherehani mbele yako, miwani imeshuka puani, unapima kola ya mtu kwa kidole. Nikajitazama. Nilikuwa na matope yaliyokauka mpaka shingoni. Khanga imechanika. Kwenye mikono yangu kulikuwa na oili, na damu ya Nyamizi kwenye mikono ya blauzi kwa sababu nilisaidia kumshusha. Niliona kwamba hivyo hasa ndivyo ulivyoogopa kuniona. Nikaona watu wa mtaa wanageuka. Nikaogopa kwamba utaniangalia kisha urudishe macho kwenye kitambaa. Ningeweza kukwambia kijiji kilikuwa kinanisubiri, na kilikuwa kinanisubiri kweli, lakini si hicho kilichonigeuza. Niliogopa tu, baba. Nimevuka njia ya wapagazi na mgonjwa mgongoni, nikashindwa kuvuka hatua ishirini za mtaa niliozaliwa. Nimelia mpaka Igalula. Maganga, kando yangu, alijifanya amelala; Mihambo alikuwa nyuma.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nisamehe kwa siku ile, na kwa maneno yale ya siku ya treni, ambayo nilipaswa kukuomba radhi kabla sijapanda.

Habari za hapa ni nzuri. Tulipofika, Mzee Shija aliitisha mkutano bila kuulizwa na mtu. Akasema habari ya tela imekwisha, na barua ya wilayani ataiandika mwenyewe. Kisha akamgeukia Mihambo kuona kama ana la kusema. Mihambo akasimama akasema, "Mimi naomba nifundishwe." Watu wakadhani anatania. Sasa kila Jumamosi anakuja, anakaa kwenye ndoo, anatoa plagi mojamoja kwa vidole vyake vikubwa, nami namkemea anapokaza mno. Wanawake wawili wa kikundi cha karanga nao wameomba, na mmoja tayari anajua kupima oili na kubadilisha gurudumu. Kamati imekubali nifundishe rasmi, na wamenitengea kibanda chenye paa la bati ili nisifungulie injini mvuani. Huyu niliyekuwa namwita mpinzani wangu ndiye aliyepigilia misumari.

Nyamizi bado yuko Kitete na Mama Kalunde, kidonda kilikuwa kizito kupona, lakini wametuambia ataruhusiwa Alhamisi. Mimi ndiye nitakayewafuata. Nitaingia mjini Jumatano mchana, kwa barabara, maji yamepungua.

Mpe shikamoo yangu mama, na umwambie dawa ya miguu nimeipata kwa Maganga, ni asali ya nyuki wadogo, nitaileta. Msalimie shangazi wa Kitete ambaye najua ameudhika kuliko wote kwamba nililala uani mwa hospitali karibu na kwake. Msalimie kaka Idi na mkewe, na watoto wao wote. Mwajuma mwambie ahsante kwa kuniandikia ukweli. Mama Rehema msalimie pia, sina kinyongo naye. Hata Bwana Karim, mwambie mkanda unazunguka vizuri.

Jumatano, nikisha kuwaona wagonjwa, nitakuja nyumbani. Nitasimamisha gari mbele ya baraza, si pembeni. Nitavaa nguo zangu za kazi, kwa sababu ndizo nguo zangu, ila zitakuwa zimefuliwa. Nitabisha hodi. Ukiniitikia karibu, nitaingia na kukushika miguu. Ikiwa moyo wako bado, nitamwamkia mama hapo nje, nitaondoka kwa adabu, na mwezi ujao nikija na tumbaku nitabisha tena.

Ni mimi binti yako,
Zuhura, dereva wa Mtakuja.